Wekundu Kwenye Mteremko wa Baba

Kuna siku siisahau, mwanangu, siku niliyomwomba mtu mzima aseme uongo kwa ajili ya baba yangu, naye akanikatalia mchana kweupe. Nimeikumbuka kwa sababu ya hiyo ramani uliyonionyesha jana kwenye simu, yenye kijani na nyekundu, ukaniambia inakadiria udongo unaosombwa na mvua, na pia maji yanayopaa hewani. Nikacheka. Ukadhani mzee haelewi kitu. Haya, keti, na hiyo simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Baba alihamia kijiji kimoja, upande wa kuelekea Bulyanhulu kwenye machimbo ya dhahabu, akitokea Ushetu. Kule alikuwa mkulima wa tumbaku; ikamchosha, akaacha, akageukia ng'ombe. Alikuja na kundi kubwa, na mimi, na mama yake mzazi. Bibi wakati huo alikuwa hajiwezi tena, mtu wa kulala na kugeuzwa. Tukapewa eneo kwenye mteremko juu ya lambo. Lambo, wewe uliyezoea bomba, ni bwawa la kuchimbwa linalokinga maji ya mvua. Kijiji kizima kilitegemea pale, watu na mifugo yao.

Sasa lile lambo likawa linakauka mapema. Wenyeji walisema zamani lilikuwa linafika mpaka mvua nyingine, lakini sasa kiangazi hakijafika hata katikati, limebaki tope na vyura. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu ikawa mgeni kaja, mwenyeji kashikwa na kiu. Kilabuni, sokoni, hata nje ya kanisa, habari ilikuwa moja: ng'ombe wa yule wa Ushetu ndio wanaomaliza maji.

Shauri likapelekwa kwenye dagashida, baraza letu la kijiji sisi Wasukuma. Baraza hilo likitaka kumwadhibu mtu kweli kweli halimpigi, linamtenga. Hapewi moto, hapewi maji, hasalimiwi, na kwake kukitokea msiba halitakuja jembe hata moja kuchimba kaburi. Na sisi tulikuwa na bibi kitandani, kila asubuhi tunamshukuru Mungu kwamba ameamka. Baba aliogopa hilo tu. Aliniambia ng'ombe wakifa wote hatalia, lakini kumzika mama yake yeye na mimi peke yetu, kama maiti iliyookotwa barabarani, hilo hataliweza. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiogopa. Iliniuma, mwanangu, iliniuma sana.

Mimi nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, nimepata kibarua kwa mtaalamu wa mambo ya maji tuliyemwita Mama Neema. Mama wa makamo, mpole, ila ukikosea kipimo utajuta kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa hii hii yako. Alichukua picha za setilaiti, akaziingiza kwenye kompyuta pamoja na habari za mvua, udongo, miinuko na mimea, kisha akakadiria. Siku hizo picha moja ilisubiriwa kama jibu la posa. Mimi nilikuwa mbeba vifaa, na kiburi tele, maana nilikuwa navaa buti za ofisi.

Alinifundisha mpaka nikaelewa. Setilaiti, alisema, haiyaoni maji yakipaa. Inaona joto. Mtungi ukitoka jasho, maji yaliyomo yanapoa, na ardhi ni vivyo hivyo: inapotoa mvuke, iwe kwenye maji yenyewe, kwenye udongo wenye unyevu au kwenye majani ya miti, inapoa, na isipokuwa na cha kutoa inaungua. Kutokana na joto hilo, na hesabu ndefu za kuumiza kichwa, unapata kadirio la maji yaliyochukuliwa na jua. Udongo nao anaukadiria kwa nguvu ya mvua, ukali wa mteremko, na kama ardhi imevaa mimea au iko uchi.

Nikamweleza habari za baba. Akanihurumia kweli, hata siku hiyo tulifunga kazi mapema. Akasema kijiji chetu kimo kwenye picha zake na atakitazama kwa karibu. Kisha akaenda mwenyewe kwa wazee, akawaamkia mmoja mmoja, akawaomba wasikate shauri mpaka hesabu yake iishe. Wakakubali, lakini walimwambia wazi kwamba hawatangoja mpaka mvua.

Matokeo yalipotoka nilitaka kuruka. Maji wanayokunywa ng'ombe, wetu na wa kijiji chote, yalikuwa kidogo mbele ya yale yanayochukuliwa na jua. Na jua lilikuwa linachukua mengi kwa kuwa lambo lilikuwa limejaa udongo. Halina kina tena, limekuwa pana kama sinia, maji yake yanapata moto upesi na kupaa. Udongo wenyewe ulitoka kilimani, ambako miti ilikuwa imekatwa ikaisha kwa ajili ya matimba, yale magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke. Nani aliikata? Kila nyumba ilikata, ikauza kwa wachimbaji. Nyani haoni kundule, mwanangu.

Lakini palikuwa na ramani ya pili, ya udongo. Kwenye mteremko wetu ulishuka wekundu mkali, rangi ya udongo unaosombwa sana, mrefu, mpaka ukingoni mwa lambo. Tukaenda kupaona kwa miguu. Ilikuwa ni njia ya ng'ombe wa baba. Kwato zilikuwa zimeichimba mpaka imekuwa korongo, na kila mvua ilikuwa inateremsha udongo wake lamboni. Nilikuwa naipita kila siku, nachunga humo, na siku zote nilijua ni njia tu.

Nikamwambia Mama Neema kwamba hako ni kasehemu kadogo, kilima ndicho chenye makosa makubwa, basi hapo apake njano tu, nani atajua. Alivua miwani akaifuta kwa kitenge chake, akanitazama bila hasira.

"Leo nikiifuta rangi hii kwa kumpenda baba yako," alisema, "kesho nitaifuta kwa kumpenda adui yake. Na wakishajua kwamba mimi ni mtu wa kufuta, ile ramani inayomtetea nani ataiamini?"

Nikalia, kijana mzima na buti zangu. Nikamtupia neno baya, kwamba anasema hivyo kwa sababu yeye ana watu wa kumzikia wake. Angeweza kunifukuza kazi. Badala yake alinishika bega.

"Nenda kamwambie baba yako leo," akasema. "Asije akayasikia haya mara ya kwanza mbele za watu."

Nilikwenda. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake akateremka kwenye ile njia. Alisimama ndani ya korongo, ukingo unamfika kiunoni. Aliporudi aliingia kwa bibi, akakaa naye mpaka chakula kikapoa.

Siku ya baraza Mama Neema alianza na yale asiyoyajua. Nilishangaa, maana nilizoea wataalamu wanaoanza na vyeo vyao. Aliwaambia haya ni makadirio. Kila kipande cha ramani kinachukua eneo zima, ndani yake kuna njia, kichuguu, jiwe na shamba la jirani, na setilaiti inavichanganya vyote kuwa rangi moja. Kwa hiyo wasimnyooshee mtu kidole kwa sababu ya rangi. Waende wakaone kwa macho yao. Ndipo akaeleza habari za jua, na lambo lililokuwa sinia, na kilima. Wanaume wenye mashoka wakaanza kukagua ndala zao.

Alipofika kwenye ule wekundu, kabla mtu hajafungua kinywa, baba akasimama.

"Hapo ni kwangu," alisema. "Nimekwenda nimepaona. Ng'ombe hawatapita tena pale, na mteremko wote naufunga uwe ngitili."

Ngitili unaijua? Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua, hakanyagi mnyama, mpaka kiangazi kikali. Na lile ndilo lilikuwa eneo letu bora kuliko yote. Mzee Masanja, aliyekuwa mstari wa mbele kutaka tutengwe, akakohoa, akawauliza wenzake: kama mgeni amesema lake, wenyeji watasema lini? Mmoja akacheka, wa pili akacheka, na habari ya kutenga ikafa hapo hapo. Wakakubaliana kukifunga kilima, na kulizoa tope la lambo kwa zamu, nyumba kwa nyumba.

Bibi alifariki kabla mvua hazijaanza. Nilitoka nje kwenda kutoa habari, na sikufika mbali. Walikuwa wanakuja tayari, wameshasikia kilio, majembe begani, Mzee Masanja mbele. Baba alipowaona aliketi chini akalia, na sijui hata leo ni kipi alichokuwa anakililia zaidi.

Tulipomaliza kumzika, Mzee Masanja alinivuta pembeni. Akaniambia, "Ile njia ya ng'ombe wenu tulikuwa tunaijua sote, kijana. Tulikwenda barazani kutazama kama ramani ya bosi wako itaificha. Ingeificha, tungeichana, na baba yako angezika peke yake." Rangi ile niliyomwomba Mama Neema aifute ndiyo iliyomleta yule mzee makaburini na jembe lake.

Basi nakuusia, mwanangu. Hicho chombo chako kinaona mbali kuliko wazee wote, kiheshimu. Lakini unachokipaka rangi ni kwa mtu, ana mama, ana jina. Usiifute rangi kwa kumwonea huruma, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na usiifunue kwa kumwaibisha vile vile. Mfuate kwanza nyumbani kwake, mwambie kwa sauti ndogo, mwache aende akaone mwenyewe. Ukiwa hujui, sema hujui, tena uanze na hilo. Watu wa vijijini si wajinga, wanayajua mengi kabla hujafika, na wanakupima wewe wakati unapima udongo wao.

Mungu akupe mvua zinazonyesha taratibu, zisizobeba shamba la mtu. Akukutanishe na mtu wa kukukatalia kwa upole siku utakayoomba lisilofaa. Uende salama, urudi salama. Amina.