Sikio na Kabureta Mbili

Fundi wa pikipiki mwenye karakana nyuma ya saluni ya mkewe aliitwa Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa kazi. Mtu alikuwa akiingia uchochoroni na pikipiki inayokohoa, na kabla hajaizima, Sikio, akiwa bado ameinamia kazi ya mwingine, anapaza sauti: "Wewe, vali imelegea hiyo!" Au: "Inanyonya hewa pembeni!" Ikifunguliwa, kweli. Wengine walimletea pikipiki zisizo na ugonjwa wowote, ili tu wamsikie akizisoma. Naye alipenda kusifiwa. Nani asiyependa?

Mkewe, msusi, hakuwa miongoni mwa mashabiki. "Pikipiki ya mtaa wa pili anaisikia," aliwaambia wateja wake huku akigawa nywele kwa kitana, "lakini mimi nikimsemesha mezani, gogo. Sikio la kufa halisikii dawa, jamani." Wanawake walicheka. Yeye hakucheka sana. Kwa muda mrefu alikuwa akimsemesha mumewe wakati wa kula, na mume anaendelea kutafuna kana kwamba hakuna aliyesema. Mwanzoni alinuna. Kisha akawa anafoka. Mwishowe akanyamaza, wakawa wanakula kimyakimya, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyechoka na ndoa.

Basi hapo ndipo ilipoletwa ile pikipiki ya Kiingereza.

Aliyeileta alikuwa mpiga picha, mwanamume mpole asiyeachana na mkoba wake wa kamera, na pikipiki aliirithi kwa marehemu kaka yake mkubwa. Ilikuwa ya zamani hasa. Tangi lake la kijani lilikuwa limechujuka pale magoti yalipokuwa yakigusa, silinda mbili zimesimama bega kwa bega, na kila silinda ina kabureta yake ya kuichanganyia petroli na hewa. Marehemu aliiendesha mpaka ikamshinda. Mdogo mtu alitaka jambo moja tu: iwake, itulie, imbebe.

Sikio alifungua kabureta moja, akashika kile kipande kinachopanda na kushuka ndani yake mtu anapovuta resi. Kilicheza kama jino la mtoto.

"Hizi zimekula chumvi nyingi," alisema. "Hewa inapita kila mahali. Nikizifunga leo, kesho zitakuaibisha barabarani."

"Haziwezi kutengenezwa?"

"Chuma kimelika, kaka. Chuma kilicholika nitakirudishia wapi?"

Mpiga picha alikuwa ameshapewa ushauri na kila aliyekutana naye, kama ilivyo kawaida ya watu wasiotengeneza kitu. Mmoja alimwambia afunge kabureta moja ya kisasa ilishe silinda zote mbili. Mwingine akamwambia anunue zenye mdomo mkubwa zaidi, pikipiki ipae.

"Moja kwa silinda mbili itafanya kazi, sikatai," Sikio alisema. "Lakini kaka yako akiisikia huko aliko ataikana. Na hizo za mdomo mkubwa, ni sawa na kumpa mzee sahani ya kijana. Atakula kiasi gani? Agiza mpya za mfano huuhuu, mdomo huuhuu. Tazama namba iliyopigwa ubavuni, usiipite hata kidogo."

Zikaagizwa. Zilikuja ndani ya boksi, zinang'aa kama vijiko vya wageni.

Sasa, kulinganisha kabureta mbili si jambo la nguvu. Kila moja inavuta pumzi yake, na pumzi hizo zinapaswa kuwa sawa. Zisipokuwa sawa, injini inakuwa kama watu wawili waliobeba kitanda, mmoja ana haraka na mwingine anaburutwa. Sikio alikuwa na njia yake. Alikuwa na mirija miwili ya mpira, aliyoitoa kwenye kile kifaa ambacho daktari husikilizia vifua. Mmoja aliuchomeka sikio la kulia, ncha yake akaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya kulia. Wa pili sikio la kushoto, kabureta ya kushoto. Injini ikinguruma polepole, akafumba macho, akawa anakaza na kulegeza skrubu kwa bisibisi mpaka pumzi zilipolingana.

Ya kushoto ilikuwa dhaifu. Akaipandisha. Bado dhaifu. Akaipandisha tena, mpaka zikawa sawa, akafuta mikono na kutoka kuijaribu.

Pikipiki ilimtikisa mpaka meno. Kwenye mwendo mdogo ilirukaruka, na aliporudi akadondosha maji kwenye ekzosi: ya kushoto ikachemka chaa, ya kulia vuguvugu tu, ungeweza kuishika kwa mkono. Maana yake silinda ya kushoto ilikuwa ikibeba mzigo wa mbili. Akachomeka mirija tena. Masikio yakamwambia ziko sawa kabisa.

Sikio hakuzoea kubishana na injini. Alisikiliza tena, akakasirika, akatoa hukumu: kabureta ya kushoto ni mbovu, imetobolewa vibaya huko ilikotengenezwa. Mpiga picha hakuuliza mara mbili. Kama Sikio amesema, amesema. Akazirudisha kwa muuzaji, naye muuzaji, muungwana wa watu, akaleta jozi nyingine.

Ya kushoto ikawa dhaifu vilevile.

Hapo jasho lilimtoka. Kusema mara ya pili kwamba ni mbovu asingeweza. Ama angejua sababu, ama mpiga picha angeipeleka pikipiki kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine asingekaa kimya. Jina la Sikio ndilo lililokuwa likimlisha, na jina likishaharibika hakuna spea yake. Akazima injini, akavuta kigoda, akajikumbusha kanuni aliyowafundisha wenzake wote: ukitafuta ugonjwa, hamisha kitu kimoja tu, kisha uone kama ugonjwa nao umehama.

Akahamisha kabureta, ya kushoto ikaenda kulia. Ugonjwa ukabaki kushoto. Akapishanisha waya za resi. Kushoto. Plagi. Kushoto. Akahamisha hata gasketi, zile karatasi za kuzibia maungio, ambazo yeye mwenyewe alijua hazina kosa. Kushoto, kushoto, kushoto. Kila kilichokuwa upande ule kilikuwa kimeshahamia upande wa pili, na bado.

Kilichobaki ni mirija.

Akapishanisha ncha zake, ya kushoto ikaenda kabureta ya kulia. Papo hapo kabureta ya kulia, iliyokuwa nzima mchana kutwa, ikawa dhaifu.

"Ahaa! Mrija umepasuka!" alisema kwa sauti, na moyo ukamtulia. Akauchomoa, akaupinda, akaupuliza, akauzamisha kwenye kopo la maji. Haukutoa hata povu. Basi akaichomeka mirija kinyume masikioni, mrija wa kushoto sikio la kulia, wa kulia sikio la kushoto. Na ule aliokwisha kuuhukumu ukaleta pumzi nzito, safi, tele.

 Kisha, polepole, kama mtu asiyetaka kufungua mlango, akaziba sikio la kulia kwa kidole. Injini iliyokuwa mbele ya magoti yake ikaenda mbali, ikawa kama iko nyumba ya tatu.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kimyakimya, na yeye hakujua, kwa sababu pikipiki zote za mtaani zina kabureta moja, na kwa moja sikio moja linatosha. Wateja nao walimjia kulia kwake, pale kwenye mlango wa karakana. Kushoto kwake, pale mezani, tangu alipooa, alikuwa akikaa mtu mmoja tu.

Akazima injini, akaingia saluni kwa mlango wa nyuma na mikono yake ya grisi, jambo lililokatazwa. Mkewe alikuwa na mteja kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa.

"Mama watoto, njoo usimame hapa kushoto kwangu. Niambie kitu taratibu."

"Umelewa?"

"Sema kitu tu. Chochote."

Msusi alimwangalia, akaona uso ule si wa mzaha. Akasogea kushoto kwake, akasema neno. Sikio alimwona kwenye kioo midomo ikicheza. Akamwona na mteja kwenye kiti akiinamisha kichwa ghafla kama mtu aliyesikia yasiyomhusu.

"Umesemaje?"

 Uso wa mkewe ukabadilika, hesabu za siku nyingi zikipangika upya kichwani mwake. Kisha akazunguka nyuma ya mgongo wake, akaja upande wa kulia, akarudia kwa sauti ileile: "Nimekuuliza, umenichoka?"

"Sijakuchoka, mke wangu," Sikio alisema. "Sikukusikia."

Msusi alianza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha kikageuka kuwa kilio, na mteja, Mungu amjalie, akajifanya anatafuta simu yake.

Hospitali walimwambia lililokwenda halirudi, lililobaki alitunze. Akarudi karakana, akalitegemea lile lililobaki. Mirija yote miwili aliisikia kwa sikio la kulia, mmoja baada ya mwingine, akirudia mpaka hakuna kabureta iliyoizidi nyingine pumzi. Maji kwenye ekzosi yakachemka sawa pande zote. Plagi zilipotoka zilikuwa na rangi moja, ya biskuti iliyoiva vizuri.

Mpiga picha alipokuja, Sikio alimwambia yote bila kupamba.

"Kwa hiyo zile za kwanza zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima kuliko mimi."

Akasubiri kusemwa. Mpiga picha aliwasha pikipiki ya kaka yake, akaisikiliza ikitulia, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Mimi jicho la kushoto nalifumba kila nikipiga picha," alisema. "Sijaona harusi iliyolalamika." Kisha akamwomba fundi aizungushe mara ya mwisho ikiwa na abiria, kwa maana marehemu hakuwahi kwenda peke yake.

Abiria akawa msusi, ambaye kwa miaka alikuwa akiapa kwamba hapandi makopo ya mumewe. Walipotoka uchochoroni na kushika barabara, Sikio akahisi pikipiki inavuta kulia. Moyo ukamruka. Akapunguza resi, akasikiliza. Kabureta zilikuwa sawa. Akatazama tairi la mbele, nalo sawa. Ndipo akahisi kidevu begani. Mkewe alikuwa ameegemea upande wa kulia mwili mzima, mdomo kwenye sikio lililo hai, akimsimulia habari ya binamu yake ambayo kumbe alishamsimulia mezani mara tatu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

Fundi mwingine angemwambia akae katikati. Sikio alikaza mkono wa kushoto kidogo kuinyoosha, akaenda polepole, asije akaukosa mwisho wa habari.