Ng'ombe wa Sita wa Nabwire

Mimi Dorca sipendi deni. Ukichukua samaki kwenye meza yangu leo, kesho niko mlangoni kwako kabla hujanawa uso, na nitaita jina lako mpaka majirani watoke nje. Dawa ya deni ni kulipa, basi. Ndiyo maana miaka yote niliyokaa jirani na Nabwire hapo Kaloleni, meza yake kando ya meza yangu soko la Jubilee, nilimwona kama mtu aliyerogwa. Alikuwa anadai deni kubwa, na siku lilipolipwa alilia kama mtu aliyefiwa.

Ngojeni niwaambie vizuri, maana watu wa Kisumu wanaisimulia vibaya.

Nabwire alizaliwa Port Victoria, kwa Mzee Wakhisi. Mwaka wa sitini na moja Wasike, mpakiaji mizigo wa bandari yetu ya Kisumu, alimpenda akamwoa, na baba yake Wasike akapeleka ng'ombe sita. Sasa, kwao Waluhya na kwetu Wajaluo desturi hii ni moja: ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Na dada ambaye ng'ombe wake wamemwoza kaka ana sauti katika nyumba ya huyo kaka mpaka kufa. Akija anachinjiwa kuku. Akinuna, mke wa kaka halali.

Nabwire alikuwa na kaka mmoja tu, Laban. Ng'ombe wale sita walikuwa wa kumwoza yeye. Lakini kabla hata hawajazoea malisho mapya, barua ikafika kutoka Kanada kwamba Laban amepata nafasi ya chuo kikuu. Kanisa litasaidia kidogo, nauli na ada ya kwanza ajitafutie. Mzee Wakhisi akamwita binti yake, kwa sababu ng'ombe walikuwa kwa jina lake.

"Nabwire, kaka yako aoe au asome?"

"Asome," Nabwire akasema. "Wanawake hawaishi."

Mfanyabiashara mmoja wa Muhoroni akaja akawaswaga wote sita wakaenda. Kule bandarini wenzake Wasike walimcheka mpaka akakoma kula nao: "Bwana Wasike, ng'ombe zako zimeoa Kanada! Utaenda kuona bibi harusi lini?"

Asubuhi ya kuondoka Laban alisimama uani kwa baba yake na koti la kuazima, mikono ya koti imefunika vidole. Akamshika dada yake. "Dada, hili ni deni. Nitakulipa ng'ombe wote sita."

"Nenda kwanza," Nabwire akamwambia. "Deni halina miguu, halitakimbia."

Akaenda. Barua zilikuja nyingi mwanzoni, na kila barua Nabwire aliniletea sokoni, ananisomea huku anapaa magamba ya ngege. Baadaye zikawa za mara moja moja. Laban alimaliza masomo, akawa injinia wa madaraja, akapata kazi huko huko kwenye baridi. Ikabaki kadi ya Krismasi. Mzee Wakhisi alipofariki mwaka wa sitini na nane, Laban alituma simu ya upepo na pesa za jeneza zuri, lenye kioo. Yeye mwenyewe hakuja.

Mama yao, Mama Metrine, akabaki peke yake pale Port, na macho yakaanza kufifia. Kila Nabwire alipoenda kumwona, swali lilikuwa moja: "Laban amefika wapi?" Utadhani yuko kwenye basi.

"Yuko njiani, mama," Nabwire alimjibu. "Ana deni langu. Lazima atakuja."

Hilo ndilo lililokuwa rohoni mwa Nabwire, wala msitafute lingine. Hakutaka ng'ombe. Alitaka kaka yake arudi mama akiwa bado hai, bado anaona walau kivuli cha mtoto wake. Na alijua kamba iliyobaki kati yao ni hiyo moja tu, lile deni.

Wanawake wa soko walimwimbia: "Mtegemea cha ndugu hufa maskini!" Mimi niliwatukana kwa niaba yake, na wananijua nikitukana. Lakini usiku kitandani nilijiambia, yawa, wanasema kweli.

Basi mwaka wa sabini na mbili karani wa benki akamwita. Pesa zimekuja kutoka Kanada. Nabwire alivaa gauni la kanisani, nikamsindikiza. Karani aliposoma kiasi, mimi nilipiga kigelegele hapo hapo ndani ya benki, askari akanitoa nje.

Pamoja na pesa kulikuwa na barua. Nabwire aliisoma kwenye ngazi za benki. Laban aliandika kwamba amelipa ng'ombe wote sita kwa bei ya leo, na juu yake ndama ambao wangezaa. "Dada mpendwa, huku mtu akimaliza kulipa mkopo wa masomo anafanya sherehe. Na mimi jana nimefanya. Sasa sidaiwi na mtu yeyote duniani, na roho yangu imetulia."

Nilikuwa naanza kushangilia tena. Nikamwangalia, machozi yanamwagika.

"Amenimaliza, Dorca," akasema. "Amenilipa kama mtu anayelipa duka, akafunga mlango."

Hapo niwaeleze, msije mkamwona mwendawazimu. Kwetu hata mkwe mwenye malori matatu hamalizi mahari yote kwa mpigo. Anaacha ng'ombe mmoja. Kila mwaka atasema atamleta, kila mwaka atakuja kuomba apewe muda, na akija atakula, atalala, watoto watamjua. Huyo ng'ombe aliyebaki ndiye anayefanya majani yasiote njiani kati ya nyumba mbili. Ukilipa wote mpaka wa mwisho, umesema: sasa sina haja na ninyi. Laban alizaliwa pale pale, alijua hayo. Baridi ilimsahaulisha.

Lakini mimi nilikasirika! "Nyar Port," nikamwambia, maana ndivyo nilivyomwita, binti wa Port, "hiyo ni desturi ya wakwe. Huyu ni kaka yako wa tumbo moja. Pesa ni pesa. Chukua, nunua mabati, acha kulia mbele ya watu."

Nyumbani Wasike naye akachemka. "Hizo ni ng'ombe za baba yangu! Nimechekwa bandarini miaka kumi. Leo zimerudi, unalia?"

 Kesho yake Nabwire akampa Wasike pesa za ng'ombe watano, akajenge nyumba ya mabati kwao. Wasike akaridhika, akaanza kupiga mluzi. Pesa za ng'ombe wa sita, pamoja na ndama wake, Nabwire akazirudisha benki zipelekwe zilikotoka. Karani akamwuliza, "Mama, una homa?"

Akaandika na barua, fupi, nikimsimamia kichwani na kumpigia kelele: "Kaka, nimepokea ng'ombe watano. Asante. Wa sita simtaki kwa pesa. Mlete wewe mwenyewe kwa kamba, umfunge uani kwa mama. Mpaka siku hiyo, nakudai."

Sikuongea naye wiki nzima. Aliomba chumvi, nikamwambia aiombe Kanada.

Barua ikaenda. Hakuna jibu. Krismasi ikaja, na mara hii hata kadi haikuja. Masika yakaja, yakaisha. Mama Metrine akaanguka mlangoni akaumia nyonga, na macho yakazidi kuwa giza. Nabwire alikonda, nguo zikamlegea. Siku moja alishika kisu, samaki mbele yake, hapai.

"Dorca, labda kamba nimeikata mwenyewe. Angalau zamani kadi ilikuwa inakuja. Naogopa. Mama atakufa akiniuliza, na mimi ndiye nitakuwa nimemfukuza."

Ningeweza kusema nilikuambia. Na ulimi ulikuwa tayari! Lakini nilimwona alivyokuwa, nikamnyang'anya kisu nikampalia samaki wake wote. Nikamwambia, "Mtu kwao, nyar Port. Hata mjinga hurudi kwao." Mimi mwenyewe sikuamini.

Ikafika Desemba ya sabini na tatu. Jua la Kisumu la mchana, lile la kukaanga samaki bila moto, na mwanamume akaja kati ya meza zetu amevaa koti zito, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Habari, mama. Namtafuta Nabwire, mke wa Wasike."

"Wewe nani?"

"Mimi ni kaka yake. Laban."

Yawa! Nilikuwa nimemwekea huyo mtu matusi ya miaka kumi na zaidi, nimeyapanga vizuri. Yote yakapotea. Likabaki moja tu mdomoni: "Na ng'ombe yuko wapi?"

Akainamisha kichwa kama mtoto wa shule. "Sijui siku hizi wananunuliwa wapi."

Nabwire alikuwa ameenda bombani. Akarudi na debe la maji kichwani, akamwona. Hakupiga kelele. Aliteremsha debe polepole, akafuta mikono, akaenda akampiga ngumi ya bega, kali, halafu akamkumbatia, wakalia wote wawili katikati ya samaki. Wanawake wale waliokuwa wanaimba "mtegemea cha ndugu" sasa ndio walikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Watu hawana haya!

Baadaye tukiwa tunakunywa chai, dada akamwuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilikasirika," Laban akasema. "Nilijiambia, nimelipa kila kitu na bado ananichezea. Nikaiweka barua kwenye droo. Halafu wenzangu kazini walikuwa wananiambia, Laban, una raha wewe, hudaiwi na mtu. Kila wakisema hivyo nakumbuka ile barua. Nikaona ni kweli. Hakuna mtu anayenidai, na hakuna mtu anayeningoja mahali popote. Ni wewe tu, dada. Ni wewe tu uliyeandika kwamba unanidai."

Kesho yake wakapanda basi la kwenda Port. Mimi Dorca nisifunge meza yangu, nikose kuona? Nilifunga. Tukashuka njiani, ilikuwa siku ya soko la ng'ombe, Laban akanunua mtamba mwekundu, na wauzaji walipoona koti wakapandisha bei, nikaishusha mimi kwa mdomo wangu. Akashika kamba. Injinia wa madaraja, viatu vya ofisi, anavuta ng'ombe kwenye vumbi! Tulipofika kijito mtamba akakataa kuvuka, akalala chini. Laban akambembeleza kwa Kiingereza. Nabwire alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, na mimi sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mwaka juzi. Mwishowe Laban alivua viatu, akaingia majini kwanza, na mtamba akamfuata.

Tulifika jioni, miguu yake ina malengelenge. Mama Metrine alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Akasikia kwato.

"Nani analeta ng'ombe?"

 Laban akafunga kamba kwenye mti wa uani, akaenda akapiga magoti. Mama akampapasa uso, akapapasa masikio, akarudia tena masikio.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya jikoni, nikalia huko peke yangu. Moshi, niliwaambia.

Alikaa wiki tatu. Aliezeka jiko la mama, akampeleka hospitali kutazamwa macho, na daktari akasema jicho moja linaweza kusaidiwa. Lakini kadiri siku ya kuondoka ilivyokaribia, nilimwona Nabwire anaanza tena kunyamaza. Nilijua ni nini. Ng'ombe wa sita amefika. Yuko uani, anakula majani. Deni limekwisha, sasa kaka atarudishwa na nini? Mara hii hata mimi, Dorca, adui wa madeni, nilitamani yule mtamba angekufa njiani.

Tulimsindikiza Laban mpaka stesheni ya Kisumu, apande gari moshi la Nairobi. Wasike alibeba sanduku. Laban ndiye aliyetulipia basi, chakula, soda, pesa anazo, tulikuwa tunaziona kila akifungua pochi. Watu wakapanga foleni ya tiketi. Akasogea karibu na dirisha, halafu akageuka.

"Dada, nikopeshe pesa ya tiketi."

Wasike akashangaa. "Shemeji, si unazo?"

"Ninazo," Laban akasema, macho yako kwa dada yake.

Nabwire alimtazama. Taratibu uso wake ukafunguka. Akageuka upande, akafungua fundo la leso yake, akatoa noti za samaki, zina harufu na zimekunjamana, akamhesabia mkononi mbele ya watu wote.

"Nataka zote," akamwambia kwa ukali. "Usinifanye mjinga."

"Nitaleta, dada. Nipe muda."

Desemba iliyofuata alikuja kulipa. Hakulipa yote.