Nilivyomlilia Papa Anselme Akiwa Mzima

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: mimi, mtu mzima niliyemaliza sekondari, nilimtangaza jirani yangu kuwa amekufa kwa sababu niliona makochi yake koridoni.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani, nashonea nguo chumbani kwangu hapa ugenini, mtaa wa Troyeville, na dunia naipokea kupitia mlango ulioachwa wazi nusu. Mteja wangu mmoja ni Padma wa ghorofa ya juu, mtu wa Ladakh, milimani huko karibu na Tibet, na siku alipoleta gauni la kupunguza aliniambia (kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga) kwamba katika lugha yao kitenzi chenyewe hutoa ushahidi: kwa uliloliona kina mwisho wake, kwa ulilolisikia au kulinusa kina mwingine, kwa uliloambiwa na watu kina mwingine tena, na majirani zao wa milimani wengi husema hivyohivyo. Nikamcheka. Nikamwambia hiyo ni lugha ya polisi, sisi tunasema tu "amekuja" na maisha yanaendelea.

Basi Jumamosi moja nachungulia, naona makochi ya Papa Anselme yako nje, na ninyi wa kwetu mnajua makochi yakitolewa sebuleni maana yake nini: matanga, watu watandikiwe mikeka. Mara Neema, binti yake, akapita kuelekea dukani, macho mekundu, machozi yanamtiririka, hata salamu yangu hakuiitikia. Ningeweza kumfuata nikauliza. Lakini mimi na kutoka nje, eish. Nikaandika kwenye grupu ya kanisa: Papa Anselme ametutoka.

Akina mama walifika na vitenge vyao na chupa za chai, wanaimba tangu ngazini, na mimi niko mbele kama mwenye msiba (futi ya kupimia bado shingoni), sauti inatetemeka vizuri kabisa. Mlango wa Papa umefungwa. Mchungaji akasema mama mzazi wa Papa, kule nyumbani Uvira, ana ugonjwa wa moyo, afadhali aambiwe na mtumishi kuliko aokote habari sokoni, na simu ikawa tayari sikioni, inaita.

Padma alikuwa ameshuka na chai kama wengine. Akanivuta mkono wa shati.

"Fundi, umemwona, au umeambiwa?"

Nikasema niliona makochi.

"Kwa hiyo yaliyokufa ni makochi?"

Mchungaji akaikata simu kabla Uvira haijapokea.

Punde si punde Papa Anselme akapanda ngazi, mkate kwapani, anatoka Kensington kwa mdogo wake alikolala kukimbia dawa ya kunguni, ileile iliyomchoma Neema macho. Wimbo ukafia katikati ya ubeti. Akina mama walicheka mpaka wakaishiwa nguvu, wakakalia makochi yaleyale yenye kunguni.

Padma namshukuru mpaka leo, maana yule bibi wa Uvira angepokea simu ile, sijui ningeishi vipi humu. Siku hizi, kabla sijasema lolote, najiuliza kwanza: nimeona, nimeambiwa, au nadhani tu? Na Papa, ambaye angeweza kuninunia mwaka mzima, alinimiminia chai ya msiba wake kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia:

"Fundi, siku nitakufa kweli, uje kwanza uniguse, ndiyo uende kuandika."