Swali la Jovina, na Fizikia Niliyoifundisha Kasulu na Kibondo

Niliripoti kazini Kasulu siku ya Jumatatu, nikiwa nimelowa, kwa sababu lori lililonileta kutoka Kigoma mjini halikuwa na turubai na mvua ya milimani haikuwa imeniambia kwamba inakuja. Mimi ni Mpare wa Same. Baridi ya Kasulu niliiona kama adhabu. Mkuu wa Shule alinipokea ofisini, akanipa kiti, akanitazama viatu vilivyojaa udongo mwekundu, kisha akafungua droo na kutoa ufunguo mmoja uliofungwa kwa uzi.

"Huu ni wa maabara," alisema. "Mwalimu wa fizikia aliyekutangulia alihama miaka miwili iliyopita. Mimi ni mtu wa Historia, sijui kilichomo humo ndani. Utaniambia wewe."

Kilichomo kilikuwa kidogo. Amita tatu, moja ikifanya kazi. Rula za mita zilizoliwa na mchwa. Prizimu moja iliyovunjika pembe. Vijana wanaofundisha leo, wenye projekta na simu zenye kila kitu, huniuliza tulifundishaje mwanga bila vifaa. Tulichukua kipande cha kioo, tukakipaka masizi ya mshumaa, tukachora juu yake mistari miwili iliyokaribiana sana kwa wembe. Mwanga ukipita katika nyufa hizo mbili unatoa ukutani mistari ya mwanga na giza, kama mawimbi mawili ya maji yanayokutana. Mwanafunzi akishaiona mistari ile kwa macho yake, huhitaji kumshawishi kwamba mwanga ni wimbi. Kazi ngumu inakuja baadaye, unapomwambia kwamba mwanga huohuo ni chembe pia.

Mkuu wa Shule alikuwa na tabia ya kupita nyuma ya madarasa na kusimama dirishani akisikiliza. Mara ya kwanza aliponisikiliza aliniita baada ya kipindi. "Unajua sana," aliniambia. "Lakini hujawahi kusema hujui. Siku nzima leo, hata mara moja." Nilidhani ananisifu.

Baada ya miaka michache nilianzisha klabu ya fizikia, kila Jumatano baada ya vipindi. Humo nilifundisha mambo yasiyokuwa kwenye muhtasari, yale niliyoyapenda chuo kikuu. Nililolipenda kuliko yote ni hili la chembe zilizofungamana. Unaweza kutengeneza chembe mbili za mwanga kwa pamoja, ukazitenganisha, moja ikabaki Kasulu na nyingine ikapelekwa Kibondo. Ukiipima ya Kasulu ukapata "juu", basi ya Kibondo ikipimwa vilevile itatoa "juu". Ukipata "chini", nayo itatoa "chini". Kila mara, bila kukosea, umbali uwe wowote. Nilikuwa na gazeti kuukuu la sayansi lililoandika kwamba siku moja watu watatumia jambo hilo kama simu inayofika papo hapo. Nililiamini. Sikuwa nimelifikiri hadi mwisho. Nilikuwa nimelipenda tu.

Jovina alikuwa kidato cha sita, binti wa wakulima wa Titye. Mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kikiwa na mwendo wa Kiha, taratibu, kila neno likipewa nafasi yake. Alikuwa hapati alama za juu kuliko wote, kwa sababu alikaa sana kwenye swali moja. Lakini niliporudisha karatasi, yeye ndiye aliyekuja mezani kuniuliza kwa nini kanuni ni hiyo na si nyingine. Alitaka kusoma fizikia chuo kikuu. Aliniambia hivyo mwenyewe, akitazama chini, kana kwamba anaungama kosa.

Mwaka huo Mkaguzi wa Shule alikuja na msafara wake. Mkuu wa Shule aliniomba niwaonyeshe klabu. Niliandaa maonyesho. Nilichora ubaoni Kasulu upande mmoja, Kibondo upande mwingine, na kati yake chembe mbili. Nikaeleza vizuri, najua nilieleza vizuri, Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika na ananisikiliza. Nikamalizia hivi: "Kwa njia hii, mtu wa Kasulu atamtumia ujumbe mtu wa Kibondo papo hapo, bila waya, bila hata hiyo minara ya simu inayojengwa sasa."

Jovina akanyoosha mkono, akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Ujumbe hautafika."

Wanafunzi wakageuka kumtazama. Alikuwa ameshika daftari.

"Mimi na Leocadia tumejaribu bwenini kwa vizibo vya soda," alisema. Leocadia alikuwa rafiki yake, amekaa pembeni yake. "Nilirusha kizibo mara nyingi, nikaandika kilivyoanguka, juu au chini. Leocadia nikampa safu ileile, kama chembe zilivyo. Nikamwambia asome ujumbe wangu. Hakuona ujumbe. Ni vurugu tu. Kwa sababu mimi sichagui kizibo kianguke vipi. Kama sichagui, natumaje neno?"

"Chembe si vizibo," nilisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini hata chembe, umesema hatuchagui itoe juu au chini. Mtu wa Kibondo ataona vurugu. Atajua zinafanana siku ile tu atakapopigiwa simu wakalinganisha. Sasa ujumbe umekwenda kwa simu."

Ninaweza kuwaambia leo kilichonipata, kwa kuwa nimekuwa na muda wa kutosha kukitafuta: kwa sekunde chache niliona kwamba huenda anasema kweli. Na Mkaguzi alikuwa ananitazama.

"Kaa chini," nilisema. "Hayo mambo wameyafikiri watu wazima wenye shahada, wewe unaleta vizibo vya soda. Hujui unachosema."

Wageni walicheka kidogo. Wanafunzi nao wakacheka. Jovina alikaa chini, akafunga daftari.

Jioni ile Mkuu wa Shule alinikuta nafuta ubao. "Ripoti itakuwa nzuri," alisema. Kisha hakuondoka. "Mwalimu, yule binti alikuuliza vizuri."

"Alikosea, Mkuu."

"Alikosea wapi?"

Nikaanza kumweleza, nikajikuta natumia maneno makubwa. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mimi fizikia siijui," alisema. "Lakini nimekaa kazini muda mrefu, mtu anapokwepa swali namjua. Mwite umzungumzishe."

Sikumwita. Nilijiambia nitamwita wiki inayofuata, kisha ikaja mitihani ya majaribio. Jovina hakurudi klabu. Hakuja tena mezani kwangu. Matokeo yake ya fizikia yalikuwa ya wastani, na nikasikia amekwenda kusomea ualimu wa shule ya msingi.

Nilihamishiwa Kibondo. Mkuu wa Shule wa huko alikuwa mama wa Kihaya, mkali wa muda, aliyenifanya mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia ratiba na mitihani ya shule nzima. Mambo yalikuwa yamebadilika. Barabara ilikuwa inatengenezwa, na nyuma ya mji kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa tena. Siku moja mama huyo alirudi kutoka semina ya Mwanza na kompyuta iliyojaa mihadhara ya vyuo vikuu.

"Mzee Mbwambo, hii ni ya kwako," alisema. "Unalalamika kila siku kwamba huna vitabu. Sasa soma."

Nilisoma. Nilifika somo la taarifa za kwanta, elimu inayouliza kiasi gani cha habari kinaweza kubebwa na chembe na kwa masharti gani. Mhadhiri alianza na jambo alilosema kila anayeanza lazima alijue: chembe zilizofungamana peke yake hazipeleki ujumbe. Upande mmoja ukitazamwa wenyewe hauonyeshi chochote ila vurugu. Hata ile mbinu ya kuihamisha hali ya chembe kutoka mahali hadi mahali inadai kwamba matokeo ya kipimo yatumwe kwa njia ya kawaida, kwa simu au barua. Akachora safu mbili za juu na chini, moja huku, moja kule.

Ilikuwa safu ya vizibo vya soda. Nilifunga kompyuta, nikatoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye uwanja wa gwaride hadi kengele ya chakula ilipolia.

Mngedhani nilimtafuta kesho yake. Nilikaa miaka sita. Nilikuwa najiambia kwamba atakuwa amesahau, kwamba kumkumbusha ni kumtonesha. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kisha yule Mkuu wangu wa kwanza akafariki, nikaenda kumzika Kasulu. Nilikuwa nimepanga kwamba yeye ndiye nitakayemwambia kwanza. Niliposimama kando ya kaburi nilikuwa bado na maneno yale mdomoni.

Msibani nikakutana na Leocadia, sasa muuguzi. Nilimuuliza habari za Jovina.

"Yuko Muyama, anafundisha msingi," aliniambia. Akasita. "Alilia sana siku ile, Mwalimu. Sijui kama unaikumbuka."

Nilisema naikumbuka.

Wiki ileile nilipanda gari la Manyovu, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda hadi shuleni kwake. Alikuwa amesimama mlangoni pa darasa la tatu, chaki mkononi. Alinitambua kabla sijafika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye," nikaongeza kwa Kiha, salamu ya asubuhi. Akatabasamu kwa matamshi yangu.

Tulikaa ofisini, walimu wengine wakiwa madarasani. Nilimwambia bila kuzunguka. Nilimwambia alikuwa sahihi, kila neno, na kwamba sasa wanafunzi wa vyuo vikuu wanafundishwa mwanzo kabisa jambo alilolisema yeye akiwa amesimama mbele ya wageni. Nilimwomba radhi.

Aliweka chaki yake mezani.

"Mimi nilidhani wewe ndiye uliyekuwa sahihi," alisema. "Miaka yote hii. Nilijua mimi fizikia sina akili nayo. Daftari nililichoma jikoni kwa wapishi." Akafuta chaki vidoleni. "Na unajua, Mwalimu, watoto wa darasa langu wakiuliza sana na mimi nawaambia hivyohivyo. Kaa chini."



Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya taratibu: "Na lile jingine, ambalo sikuwahi kukuuliza, wamelijua? Kama chembe zilibeba majibu tangu zilipoachana?"

Nilichukua chaki yake, nikasimama kwenye ubao wa ratiba pale ofisini. Nilimwambia: chukua maswali matatu, kila moja jibu lake ni juu au chini. Ukiuliza swali lilelile pande zote mbili, majibu yanafanana daima. Tuseme chembe zimebeba majibu yote matatu. Sasa tuulize maswali tofauti huku na kule. Yatafanana mara ngapi?

Hakuningoja. "Majibu matatu, aina mbili tu. Lazima mawili yafanane. Jozi ziko tatu. Kwa hiyo si chini ya mara moja katika tatu."

"Wamepima," nilisema. "Ni mara moja katika nne."

Aliutazama ubao. "Ego," alisema polepole, akikubali kwa Kiha. "Basi hazikuwa zimebeba majibu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wake ulikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona tangu alipokuwa kidato cha sita.

Nilimwambia naweza kumsaidia kuomba chuo. Alikataa kwa upole: ana watoto wanne, mumewe ni mgonjwa, na shule haina walimu wa kutosha. Aliniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, kengele ikalia, akaniomba radhi kwamba kipindi chake kimeanza.

Nimestaafu sasa, ninaishi Kasulu, baridi nimeshaizoea. Wanafunzi wangu wa zamani, wahandisi na madaktari, huniamkia sokoni na kunishukuru, nami hupokea. Walimu vijana wakija kuniuliza siri ya kazi, nawapa maarifa ya kioo na masizi, kisha nawaambia wasimkalishe chini mtu ambaye bado hawajamwelewa. Wanaitikia kwa heshima. Sijui kama wananisikia. Mimi nilipoambiwa sikusikia.

Bado nasoma. Kila baada ya muda napata habari mpya za chembe zilizofungamana, jinsi zinavyotumika kulinda siri, jinsi kompyuta mpya zinavyojengwa juu yake, na natamani kuzungumza na mtu. Huku milimani namjua mmoja tu ambaye angenielewa kabla sijamaliza sentensi. Namba yake ninayo. Naishika simu, nafikiri juu ya darasa la tatu lililojaa watoto na mume mgonjwa nyumbani, na juu ya uso ule pale ubaoni, ulivyofurahi kwa dakika kumi. Naiweka simu mezani.