Darasa la Mtoto Mmoja

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nataka mtoto wa dada yangu arudi shule kwa faida yake, au kwa sababu mimi nimechoka kumfundisha? Nilijibu, nikalipinga jibu langu, nikageukia ukutani, nikaanza upya.

Dada alimtoa shule baada ya wenzake darasani kumwambia arudi kwao. Mtoto amezaliwa hapa Johannesburg. Hiyo "kwao" anaijua kwa simu za bibi yake wa Tanga tu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwa dada, mtaa wa Bellevue. "Msomi tunaye ndani," dada alisema, "mwalimu mwingine wa nini?" Kwetu, aliyesomeshwa na nduguze hakatai neno kama hilo.

Tulidhani gharama ni vitabu na bando la intaneti.

Asubuhi tulisomea chumbani. Mchana, mimi nikihangaika na maombi ya kazi, yeye alikwenda chumba cha mbele, ambako dada anasuka nywele. Masomo aliyashika haraka, nami badala ya kufurahi nikaogopa: labda naona ana akili kwa sababu sina wa kumlinganisha naye. Nikabadili ratiba. Wiki iliyofuata nikaibadili tena.

Siku moja mteja, mama wa Kikongo anayeshona nguo mtaa wa pili, alikuwa akisimulia habari za jirani yake na mumewe. Mtoto alikuwa amesimama pembeni akimgawia dada rasta. Akatia neno lake, taratibu:

"Mwanaume akianza kuficha simu, shoga, jua kuna jambo."

Dada alicheka hadi akaacha kusuka.

"Huyu hapana mutoto," yule mama akasema. "Ana miaka ngapi?"

"Tisa."

"Basi mimi ndiye nimupe shikamoo, kama ninyi Watanzania."

Nilicheka nao. Kisha nikamwambia mtoto atoke akacheze, maana uani watoto wa wapangaji wengine walikuwa wanaruka kamba. Nikachungulia dirishani. Alisimama kando, mikono nyuma, akamwuliza msichana wa rika lake, kwa Kiingereza cha adabu, kama mama yake hajambo na kama biashara inakwenda. Yule msichana alimtazama, akamtazama mwenzake, wakaendelea kuruka.

Akarudi ndani. "Mama mdogo, wale wana mambo ya kitoto."

Alilisema kwa uso mkavu, akaenda kukaa na wateja. Sikuweza kumaliza barua niliyokuwa naiandika.

Jioni, dada akifagia nywele sakafuni, nilimwambia kuwa mtoto anahitaji watoto wenzake.

"Ili wamtukane tena?"

"Hapa hatukanwi kwa sababu hapa hana mwenzake hata mmoja, dada."

"Sema umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Na nisingechoka ningesema hivi hivi."

Sikujua kama ni kweli mpaka nilipojisikia nikisema. Dada alifagia pale pale palipokwisha kuwa safi. "Ukimpeleka ni wewe," alisema mwishowe. "Mimi sitaweza kumwacha pale getini."

Nilizunguka shule kadhaa. Moja, iliyoko mtaa wa Malvern, ilikuwa na nafasi, na ina watoto wengi wa wageni kama sisi. Hata hivyo nilipoteza siku nzima nikiwaza kama taksi, daladala za huku, ni salama, kama sketi ni ndefu mno, kama ningesubiri muhula mwingine. Sikusubiri.

Getini alinishika mkono. "Wakiniambia nirudi kwetu?"

"Mwambie mwalimu, uniambie na mimi. Nitakuja siku hiyohiyo."

Alifikiri. "Na nikiwaamkia wasiponijibu?"

"Usiwaamkie. Waulize wanacheza nini."

Kengele ililia. Niliuachia mkono wake, naye akaingia.