Damu ya Muuza Maziwa

Niligonga kaunta ya maabara kwa kiganja mpaka kalamu ya karani ikaanguka chini.

Binti yangu wa miaka miwili alikuwa wodini hapo Kajiado, malaria imemmaliza damu, midomo imekuwa myeupe. Daktari alisema aongezwe mara moja. Damu ya kundi lake ilikuwa kwa friji, karani mwenyewe alinionyesha. Lakini haitoki mpaka familia ilete mtu wa kutoa nyingine ya kuirudisha.

Mtu nilikuwa naye. Mimi nilikuwa mjamzito, sitolewi damu, na bwanangu alikuwa kwao Kakamega kwa matanga. Kwa hivyo jirani yangu wa Kitengela, Mmaasai anayetuuzia maziwa, aliacha mitungi yake kwa fundi wa baiskeli akanisindikiza.

Karani akaangalia shuka ya jirani, kisha mimi. “Huyu ni wa familia?”

“Ni jirani.”

“Mama, soma bango. Ndugu wa mgonjwa pekee.”

“Ndugu zangu wako Kakamega. Mtoto angoje basi?”

Jirani akaingilia. “Kijana, sisi Wamaasai hunywa damu ya ng'ombe na hatujaota pembe. Unaogopa yangu itamfanya mtoto aanze kuruka?”

Benchi nzima ilicheka. Karani akarudia, “Ndugu pekee.” Hapo ndipo nikagonga.

Sista wa wodi alisikia kelele akaja. Akatueleza, karani na mimi, maana hata mimi sikujua: damu ya jirani haiendi kwa mtoto wangu. Itapimwa magonjwa, iwekwe, isaidie mwingine. Ile ya kwa friji ndiyo anapewa mtoto, baada ya kulinganishwa na yake palepale maabara. Undugu hauingii popote. Akatia sahihi kwa kitabu cha maabara, akabeba pakiti ya damu mwenyewe.

Jirani alilala kitandani akatoa yake, akilalamika tu kwamba chai ya hospitali haina maziwa. Jioni binti yangu aliomba uji.

Karani alikuwa kijana, peke yake tangu asubuhi. Nilimhurumia, lakini hasira haikuisha. Kesho yake niling'oa karatasi kwa daftari nikaandika:

*Kwa Msimamizi wa Hospitali. Binti yangu alingoja kwa muda wa saa tatu na damu iko kwa friji, kwa sababu ya bango linalotaka ndugu pekee. Sisi wapangaji wa Kitengela ndugu zetu ni majirani. Naomba bango litolewe, na mgonjwa apewe damu kwanza, kurudisha kufuate. Karani alifuata kilichoandikwa. Aliyekiandika ndiye nataka anijibu.*