Nyuki wa Ukutani, Gatongora

Mimi ni fundi wa plasta, si mtu wa hadithi. Na sinywi, kwa hivyo usianze. Haya yalinipata Gatongora, saa kumi jioni, jua likiwaka.

Nilikuwa nakarabati nyumba ya udongo iliyokaa miaka bila mtu. Nje, kando ya dirisha, kamrija ka nta kalitokeza ukutani, na nyuki weusi, wadogo kuliko inzi, wakiingia na kutoka. Hawa hawaumi, hata mwiba hawana. Mwenye nyumba akasema ziba, wapangaji wataogopa. Nikaziba kwa simiti. Kisha nikamwaga sakafu ya ndani, nikailainisha nikirudi nyuma hadi mlangoni.

Naosha mwiko, nasikia, "Fundi."

Ngai! Shosho mmoja, bibi kizee nisiyemjua, amesimama kona ya mbali, juu ya sakafu mbichi, sikio ukutani. Nilikasirika, wacha tu. "Shosho, unaniharibia kazi!"

"Umefunga mlango na wengine hawajarudi," akasema. "Wa ndani nawasikia. Wafungulie, fundi. Watoto wangu waliacha kuja. Hawa ndio walikuwa wanarudi kila jioni."

Nikachungulia nje. Kweli, walikuwa wametapakaa juu ya simiti, wanatafuta mlango. Huruma ilinishika. Lakini nilikuwa nimechoka, nataka kwenda nyumbani, ingawa nyumbani hakuna anayeningoja. Mke wangu alirudi kwao na watoto. Nikamwambia, "Kesho, shosho."

Nikageuka kuchukua ubao nimtandikie apite. Kurudi, hayuko. Na sakafu? Laini vile niliiacha, hata alama ya kidole hakuna. Wewe niambie, alipitia wapi?

Nilitupa ubao nikakimbia. Asubuhi nikarudi, nikatoboa simiti, nikangoja mpaka saa sita. Hakuna aliyetoka. Wa nje walikuwa wamekufa chini ya dirisha.

Sasa, kila jioni huku kwangu Mwiki, nyuki watatu wanne wanazunguka tundu la kufuli. Nafungua mlango wote. Hawaingii, haki ya Mungu. Halafu nawapigia watoto wangu simu, nawauliza watakuja lini. Wananijibu neno moja, kila siku hilo hilo: "Kesho, baba."

Kwa hivyo ukiombwa ufungue, fungua siku hiyo hiyo. Mimi nakaa hapa na mlango wazi.